Ijue Seneti ya Chuo Kikuu na Kazi ya Wajumbe Wake

Maelezo yafuatayo yalitolewa na mhadhiri mstaafu katika kikao cha wazazi, walezi na wanafunzi wanaopokea basari ya kaunti. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nieleze Seneti ya chuo kikuu ni nini na wajumbe wake wana wajibu gani. Nilipotaja mada hiyo pale nje kabla ya kuingia, mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kumpigia debe seneta wetu. Mzee ana haki ya kuuliza. Tangu uchaguzi wa 2013, Mkenya akisikia neno Seneti anafikiria bunge lililoko Nairobi, maseneta 47 waliochaguliwa na wenzao walioteuliwa, wakivutana juu ya mgao wa fedha za kaunti. Seneti ninayoizungumzia leo ilikuwako vyuoni miongo mingi kabla ya hapo. Neno lenyewe ni la Kilatini na mzizi wake ni "mzee", kwa hiyo maana yake ya asili ni baraza la wazee. Sisi wa Pwani tuliokulia karibu na kaya hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Wengi wetu huisikia Seneti ya chuo siku moja tu. Wanafunzi wamegoma, mawe yamerushwa, na redioni linasomwa tangazo kwamba kikao maalumu cha Seneti kimeamua chuo kifungwe hadi tarehe itakayotangazwa, na wanafunzi wote waondoke kabla ya saa fulani. Jioni mtoto yuko mlangoni na begi lake. Basi mzazi huishia kuamini kwamba Seneti ni watu wa kufunga chuo. Kufunga chuo ni sehemu ndogo sana ya kazi yao, na ningependa leo tuitazame ile kubwa, kwa sababu inagusa pesa zenu na zetu sote.

Chukueni mfano wa kijana ambaye kaunti inamlipia karo kwa miaka minne. Nyumbani wameongezea hapa na pale, mnazi umekodishwa, mbuzi wameuzwa. Mwaka wa mahafali unafika, orodha ya watakaohitimu inabandikwa, jina lake halimo. Anauliza, anaambiwa kuna somo moja la mwaka wa pili ambalo maksi zake hazionekani. Mtihani aliufanya. Maksi ziko wapi? Hakuna ajuaye. Mama yake anakwenda kwa mwakilishi wadi, mwakilishi wadi anampigia mtu anayemjua aliye na rafiki chuoni, na mwezi unapita. Wakati wote huo, chombo pekee chenye mamlaka juu ya jina lile kuingia au kutoingia kwenye orodha ni Seneti, na hakuna aliyekiandikia hata mstari mmoja.

Tuanze na sheria, na nitapita haraka. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kifungu cha 35, inaweka vyombo vitatu vya uongozi katika chuo. Kuna Baraza la Chuo, ambalo ndilo tajiri wa nyumba: linaajiri, linapitisha bajeti na sera, linaidhinisha kanuni za chuo. Kuna Bodi ya Usimamizi, inayoendesha shughuli za kila siku. Halafu kuna Seneti, iliyopewa mambo yote ya taaluma. Inapanga tarehe za mwaka wa masomo, inapitisha silabasi zote, inatunga kanuni za mitihani, inaamua nani amestahili shahada na nani bado. Kwa hiyo ukiwa na shida ya chumba cha kulala, Seneti haihusiki. Shida ya mkopo ni ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kiwango cha karo nacho hakiamuliwi huko. Lakini chochote kinachohusu ulichofundishwa, ulivyotahiniwa na cheti utakachopewa, mwisho wake ni kwenye meza ya Seneti.

Nani hukaa katika meza hiyo? Kila chuo kina hati yake na kanuni zake, na hesabu ya wajumbe hutofautiana, ila sura ni ileile karibu kila mahali. Mwenyekiti ni Naibu Chansela, ambaye ndiye mkuu mtendaji wa chuo. Manaibu wake wamo, wakuu wa vitivo wamo, wakurugenzi wa taasisi, wakuu wa idara, maprofesa, na mkutubi mkuu. Msajili anayeshughulikia masuala ya taaluma huwa katibu. Ndiye huandaa ajenda na kuandika kumbukumbu, na katika vyuo vingi yeye ndiye mtu anayefahamu kuliko wote faili gani liko wapi. Chansela hayumo. Chansela ni mkuu wa heshima, yule anayewatunuku wahitimu siku ya mahafali akiwa katika joho lake. Wakubwa wenzangu mtakumbuka kwamba zamani Rais wa nchi ndiye alikuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, mpaka mwaka 2003 Rais Kibaki alipoachia nafasi hiyo watu wengine.

Wanafunzi pia wana wawakilishi wao katika Seneti. Nataka vijana mnisikilize hapa. Wakati wa uchaguzi wa chama cha wanafunzi mnapigiwa muziki, mnagawiwa fulana, mnaahidiwa intaneti ya bure hosteli nzima. Sijasikia mgombea hata mmoja akiulizwa: ukikaa katika Seneti utasoma makaratasi? Kwa kawaida wawakilishi hao hutolewa nje yanapofika mambo ya matokeo ya mwanafunzi mmoja mmoja, na hilo ni sawa. Lakini katika kalenda ya masomo, kanuni za mitihani na ubora wa programu, wana sauti kama mjumbe mwingine yeyote. Ukimtuma mtu asiyependa kusoma, umetupa kiti.

Sasa tufuate maksi tangu zinapozaliwa, maana hapo ndipo mjumbe anapoonekana kama anafanya kazi au amekuja kunywa chai.

Mhadhiri anatunga mtihani. Kabla haujafika kwa mwanafunzi, wenzake katika idara wanapaswa kuupitia waone kama maswali yanaeleweka na kama yanatoka katika silabasi iliyopitishwa. Mtihani unafanywa, karatasi zinasahihishwa. Kisha anakuja mtahini wa nje, mwalimu kutoka chuo kingine, anayesoma sampuli ya karatasi zilizosahihishwa na kusema kama usahihishaji ulikuwa wa haki au ulikuwa wa huruma au wa ukali kupita kiasi. Idara inakaa kama bodi ya watahini na kupitia kila jina. Kitivo kinakaa, kinapitia tena. Ndipo matokeo yanapelekwa kwenye Seneti, na Seneti ikishayapitisha, ndipo yanakuwa matokeo. Kabla ya hapo, namba mliyoiona kwenye tovuti au kwenye ubao ni ya muda tu.

Mnaona basi kwamba maksi hupita mikono mingi, na inaweza kuanguka popote. Sababu nyingine ni za mwanafunzi mwenyewe: hakujisajili katika somo, akakaa mtihani akidhani atajisajili baadaye, au aliandika namba ya usajili kimakosa. Sababu nyingine ni za chuo. Vyuo vyetu vimetegemea sana wahadhiri wa muda, na mhadhiri wa muda ambaye hajalipwa mihula miwili hushikilia maksi kama dhamana. Simtetei, lakini namwelewa. Mwingine amehamia chuo kingine na karatasi zimebaki katika buti la gari. Mwingine alikabidhi maksi kwa idara, na karani aliyezipokea hakuandika popote kwamba amezipokea.

Mjumbe wa Seneti anadaiwa nini hapo? Mkuu wa idara, ambaye ni mjumbe, anadaiwa kuja na orodha iliyokamilika. Pakiwa na pengo, aseme ni la nani, lina ukubwa gani na litazibwa lini. Mkuu wa kitivo anadaiwa asiupeleke mbele mzigo wenye matundu. Na wajumbe wengine, wa kilimo, wa afya, wa biashara, wanadaiwa kuuliza. Nilikaa katika Seneti kwa miaka kadhaa, na naweza kuwaambia kwamba jambo gumu kuliko yote katika chumba kile ni kuuliza swali juu ya idara isiyo yako. Kuna adabu fulani ya kimyakimya: mimi sigusi ya kwako, nawe usiguse ya kwangu. Makaratasi ni mengi, yamefika jana jioni, saa sita mchana imekaribia. Mwenyekiti anasema, "Tukubaliane, wenzangu?" Mtu mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, na majina mia saba yamepita katika dakika nne.

Adabu hiyo ndiyo adui wa mtoto wako. Mjumbe wa Seneti hajaketi pale kuwakilisha idara yake kama diwani anavyowakilisha wadi. Ameketi kwa ajili ya chuo kizima. Profesa wa uhandisi ana wajibu uleule juu ya shahada ya ualimu kama alio nao juu ya shahada ya uhandisi, kwa kuwa vyeti vyote vinatoka vikiwa na muhuri mmoja. Naye mwalimu wa historia hatakiwi kujua hesabu za madaraja ndipo aulize kwa nini nusu ya darasa imefeli somo moja huku ikifaulu mengine yote vizuri. Hilo ni swali la mtu yeyote mwenye macho.

Mwaka 2019 tuliona jambo hili likizungumzwa nchi nzima. Mwezi Juni mwaka huo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja. Zilikuwa nyingi mno kwa mizani ya vyuo vyetu, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akaagiza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ichunguze. Sitarudia kesi hiyo hapa, na wapo waliohitimu siku ile ambao jasho lao lilikuwa halali kabisa. Nawaomba tu mfikirie swali moja. Kabla ya mahafali, orodha ile ilipita mbele ya watu waliosoma kuliko wote chuoni. Kuuliza "hawa wote wamesimamiwa na nani, na kila msimamizi alikuwa na wanafunzi wangapi?" ni kazi ya dakika mbili. Swali hilo lilikuwa na nafasi yake katika ukumbi wa Seneti, kabla halijawa la magazeti.

Halafu kuna suala la programu mpya. Hili wazazi hulisikia wakiwa wamechelewa. Chuo kinataka kuanzisha shahada. Idara inaandika pendekezo: masomo gani yatafundishwa, na nani, kwa vitabu na maabara gani, na mhitimu atafanya kazi wapi. Pendekezo linapanda mpaka Seneti, na Seneti ikishaliridhia, linakwenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa ithibati. Kwa taaluma kama udaktari, uuguzi, sheria na uhandisi, kuna pia mabaraza na bodi za taaluma ambazo ndizo huwasajili wahitimu wafanye kazi. Mjumbe anapoinua mkono kukubali programu, anasema kwamba maabara ipo, walimu wapo, na huyu mtoto akimaliza atapata pa kujisajili.

Kuna wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi kutoka vyuo vya umma ambao walimaliza masomo, wakapewa shahada, kisha wakakuta bodi ya usajili wa wahandisi haitambui programu walizosomea. Walikwenda mahakamani. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na uamuzi wa kuwapa haki wahitimu hao ulitolewa mwaka 2018. Walishinda, naam. Lakini fikirieni miaka iliyopita katikati, umri wa mtu anapotakiwa aanze maisha, akiwa na shahada halali ambayo haimfungulii mlango. Mahakama iliwaondolea lawama. Hata hivyo kila Seneti nchini inapaswa kujiuliza kabla ya kupitisha programu: je, tumezungumza na watakaowasajili wahitimu hawa, au tunatumaini tu?

Kwa hiyo mzazi, kabla mwanao hajachagua programu, uliza kama imepata ithibati ya Tume, na kama ni ya taaluma inayosajiliwa, uliza baraza husika. Kijana anaweza kuingia kwenye tovuti ya Tume na kuangalia. Usiulize wakala mwenye mwavuli na vipeperushi sokoni.

Kuhusu nidhamu nitasema machache. Seneti, mara nyingi kupitia kamati yake, husikiliza kesi za wanafunzi walioshtakiwa kwa udanganyifu katika mtihani au kwa fujo. Mjumbe anayekaa katika kamati hiyo anafanya kazi inayokaribia ya hakimu. Mwanafunzi aelezwe kosa lake kwa maandishi, apewe muda wa kujitayarisha, asikilizwe, na aambiwe namna ya kukata rufaa. Mahakama zetu zimewahi kubatilisha uamuzi wa kumfukuza mwanafunzi kwa sababu tu hakusikilizwa. Mahakama hizohizo husita sana kuingia katika swali la maksi ngapi mtu alistahili, na naona zinafanya vyema. Jaji hawezi kusahihisha karatasi ya kemia.

Mjumbe ana mipaka mingine ambayo watu hawaizungumzii. Ikiwa mwanawe, mkewe, au mpwa wake yumo katika jambo linalojadiliwa, anapaswa kusema na kutoka nje. Yaliyosemwa juu ya mwanafunzi fulani hayatoki nje ya ukumbi. Na matokeo hayapelekwi kwa simu kwa mtu yeyote kabla hayajatangazwa, hata kama anayeuliza ni mkubwa. Hasa kama ni mkubwa.

Nikiwa hapo, niwaombe radhi waheshimiwa mlio mbele yangu, kwa maana nitasema jambo linalowahusu. Katika Jedwali la Nne la Katiba, vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti yaweza kulipa basari, na inafanya vyema kulipa, lakini haina kiti katika Seneti ya chuo chochote. Iwe ni Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambako watoto wetu wengi wako, gavana hawezi kuamuru maksi zionekane, na mwakilishi wadi hawezi kumwongezea mtoto alama tano zilizopungua. Katiba, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa taaluma, na maana yake ya kawaida kabisa ni hiyo: mtu asiye mwalimu wa somo asiamue matokeo ya somo. Mzazi anayemwomba mheshimiwa "aongee na watu wa chuo" anamweka mheshimiwa pabaya, na anamweka mtoto pabaya zaidi. Jina lililoingia kwenye orodha kwa simu linaweza kutoka kwa barua. Seneti ina uwezo wa kufuta shahada iliyopatikana kwa ulaghai, hata miaka ikiwa imepita. Na siku hizi waajiri wanarudi kuuliza. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umebaini zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa umma wenye vyeti vya kughushi. Mwajiri akitaka kuhakikisha shahada, chuo hufungua orodha iliyopitishwa na Seneti, na kama jina halimo, mazungumzo yameisha.

Lakini mheshimiwa anaweza kufanya jambo moja la halali na lenye nguvu: kumsaidia mzazi kuandika barua. Wengi wa wazazi wetu hawajui barua hii iende kwa nani, wala iseme nini. Acheni niieleze.

Kwanza, barua iandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Amefika miaka 18, matokeo ni taarifa zake binafsi, na chuo kina haki ya kukataa kumpa mama au mjomba bila idhini yake. Barua iende kwa mkuu wa idara, na nakala kwa mkuu wa kitivo na kwa msajili wa masuala ya taaluma, yule katibu wa Seneti. Nakala hiyo ya tatu ndiyo watu husahau, na ndiyo inayobadilisha mambo, kwa sababu ikifika kwa katibu, suala limeingia kwenye kumbukumbu. Itaje jina la somo na namba yake, muhula na mwaka, tarehe na ukumbi wa mtihani, jina la mhadhiri. Iambatishwe na kadi ya mtihani, ushahidi wa kujisajili katika somo lile, na risiti za karo. Hapa vijana wetu hushindwa. Kadi ya mtihani hutupwa siku ya mwisho ya mtihani kwa furaha. Iwekeni. Piga picha, jitumie kwa barua pepe, weka nakala kwa dada yako. Na unapotia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio ndani ya chumba cha mtihani, hakikisha unaiona sahihi yako imekaa mbele ya namba yako na si ya jirani. Karatasi ile ya mahudhurio imeokoa watu wengi.

Barua igongwe muhuri wa kupokelewa na mwanafunzi abaki na nakala. Neno la mdomo ofisini halina tarehe.

Asipojibiwa, ana haki mbili za kikatiba mkononi. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na vyombo vya utawala kwa haraka na kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi siku 21 kujibu ombi. Chuo cha umma ni taasisi ya umma. Siku zikipita, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman, ambayo ina ofisi Mombasa na hupokea malalamiko bila malipo. Masuala ya maksi zilizopotea si mageni kwao.

Jambo la mwisho ni juu ya wakati. Mwanafunzi anayegundua pengo la mwaka wa pili akiwa mwaka wa nne, wiki tatu kabla ya mahafali, anaiomba idara itafute karatasi za miaka miwili iliyopita katika kabati ambalo pengine limehamishwa, kutoka kwa mhadhiri ambaye pengine ameondoka. Aliyegundua mwanzo wa muhula uliofuata anaomba karatasi ambazo bado ziko juu ya meza. Ndiyo maana nimependekeza kwa idara ya elimu ya kaunti, na Mheshimiwa Waziri ameliandika, kwamba mwanafunzi anayeomba basari ya mwaka unaofuata alete transkripti ya mwaka uliopita yenye masomo yote. Nia si kumnyima mtu pesa. Pengo likionekana pale kwenye dirisha la basari, karani wa kaunti anaweza kumwambia kijana siku hiyohiyo aandike barua.

Naona mikono imeanza kuinuka, na yule mama wa pale nyuma alianza mapema kuliko wote. Tafadhali mpeni kipaza sauti, ajitambulishe na atuambie mtoto yuko mwaka wa ngapi.